Mkandarasi anataka tugawane hasara: nisaini?

Mwanangu mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Morogoro. Kiinua mgongo changu, fedha za shamba tulilouza baada ya mzee kufariki, na mkopo kidogo wa benki, vyote vimefika milioni 500. Nataka kujenga hosteli ya wanafunzi ya ghorofa moja, vyumba 24. Ramani ninayo, kibali cha manispaa kimetoka, na mkadiriaji majenzi alishanitengenezea BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi zote za jengo pamoja na bei zake.

Nimepata makandarasi watatu, na bei zao zote zina VAT ndani. Wa kwanza ananipa bei moja ya milioni 495, nikabidhiwe funguo. Wa pili anasema tununue vifaa kadiri kazi inavyokwenda, yeye aongeze asilimia 12 yake juu ya kila kitu. Wa tatu ndiye anayenikosesha usingizi. Ni kijana mstaarabu, ana hosteli mbili alizojenga hapa hapa mjini na nimezitembelea. Anasema tukubaliane gharama lengwa ya milioni 400, na ada yake milioni 40. Gharama ikipungua tunagawana kilichobaki nusu kwa nusu. Ikizidi, tunagawana maumivu hivyo hivyo. Ameweka na kikomo: itokee itokeavyo, mimi silipi zaidi ya milioni 470. Na risiti zote nitaziona.

Shemeji yangu alipoisikia aliguna. "Shemeji, hasara ya mkandarasi inakuhusu nini? Umemwajiri ajenge, hujaingia naye ubia." Mwanangu wa kiume, yuko Dar, ananiambia nichukue bei moja nilale. Lakini kati ya 440 na 495 kuna milioni 55, na mimi fedha hizo sizioni tena maishani zikishatoka.

Kitu kingine. Kiwanja kiko bondeni. Jirani yangu alipochimba msingi alikutana na udongo mweusi wa mbuga, akachimba na kuchimba, tipa za kifusi haziishi. Yule wa bei moja hakuuliza habari za udongo kabisa. Kijana aliuliza kabla hajakaa kwenye kiti.

Huu mtindo upo kweli au ni ujanja wa mjini? Nusu kwa nusu ni haki? Na mimi mwalimu wa Historia nitajuaje kama risiti ni za kweli? Nataka wanafunzi waingie chuo kikifunguliwa mwakani.

Mama Hosteli, Morogoro

*

Shikamoo mama.

Mtindo upo, tena wa miaka mingi. Waingereza wana mikataba yao iitwayo NEC, iliyoanza kutolewa mwaka 1993, na ndani yake kuna aina mbili kamili za mkataba wa gharama lengwa: mteja na mkandarasi wanapanga lengo, gharama halisi inahesabiwa, tofauti inagawanywa kwa uwiano waliokubaliana. Serikali ya Marekani nayo hununua mitambo na meli kwa mikataba ya namna hiyo, yenye lengo, uwiano na kikomo kama alivyokuwekea huyo kijana. Kwa hiyo hajakuletea kiini macho. Kwetu ni nadra kukuta mtu anapendekeza hivi kwenye jengo la mtu binafsi, ndiyo maana shemeji ameguna.

Tufanye hesabu kwanza, kwa sababu wengi hubishania uwiano kabla ya kuona shilingi zinakwendaje.

Gharama halisi ikitoka 360, mmeokoa 40. Wewe unalipa 360, ada 40, na nusu ya akiba 20: jumla 420. Gharama ikigonga 400 sawasawa, unalipa 440. Ikifika 440, imezidi kwa 40, na 20 kati ya hizo ni zake: unalipa 460, yeye kwenye ada anabaki na 20. Ikifika 460, unalipa 470, na hapo ndipo umegonga kikomo. Kuanzia hapo kila shilingi inayoongezeka ni yake peke yake. Ikifika 470, ada yake yote imekwisha. Ikizidi hapo anajenga kwa fedha ya mfukoni mwake.

Angalia hapo kwenye 460, mama. Watu hukipenda kikomo kwa sababu kinawalinda, na kweli kinakulinda, kwenye karatasi. Lakini mkandarasi mdogo aliyefika mahali ambapo kila mfuko wa saruji unatoka kwenye ada ya shule ya watoto wake hafanyi kazi kama zamani. Mafundi wanahamia saiti nyingine "kwa siku mbili", zege linaanza kuwa jepesi, simu haipokelewi. Kwa hiyo usisubiri 460. Kila mwisho wa mwezi mkae mezani na namba mbili tu: kilichokwisha kutumika, na kinachokadiriwa kubaki hadi funguo. Jumla ya hizo mbili ikivuka 430, mnasimama na kuamua kitu, iwe kuahirisha uzio au kubadilisha marumaru, mkiwa bado na nafasi ya kuamua.

Sasa swali lako la nusu kwa nusu. Ni haki ya kutosha, usipoteze nguvu zako hapo. Nguvu zako ziweke kwenye ile 400. Imetoka wapi? Nani aliikokotoa? Barua yako haikusema BOQ yako ilitoa makadirio gani, na hiyo ndiyo namba ninayoitaka kuliko zote. Kama jengo hilo kwa bei za Morogoro za leo linajengeka kwa 360, basi kijana amekwishajipatia milioni 20 kabla hajachimba hata futi moja. Mwishoni atakuletea "akiba" ya milioni 40, utamkaribisha chai kwa furaha, mtagawana fedha ambayo ilikuwa yako tangu mwanzo. Mkandarasi anayejua mchezo huu hatabishana nawe kuhusu uwiano hata kidogo. Atakupa hata 60 kwa 40, mradi lengo alipange yeye.

Kwa hiyo mkadiriaji wako, si wake, achukue BOQ na kupita mstari kwa mstari akilinganisha na ya kijana. Mistari mikubwa ndiyo yenye fedha: msingi, nondo, zege la jamvi (sakafu ya chini) na la sakafu ya juu, kupaua, milango na madirisha, mabomba na umeme. Vitu vidogo waachie. Wakitofautiana, aonyeshe bei ya duka gani na idadi ya mafundi wangapi kwa siku ngapi. Mkandarasi mkweli hufurahia kikao cha namna hiyo, kwa sababu lengo lililowekwa chini mno linamuumiza naye.

Kuhusu yule wa asilimia 12, mshukuru umwache aende. Jengo likigharimu 400 anapata milioni 48, likigharimu 480 anapata 57.6. Umemlipa zaidi kwa kutumia fedha zako zaidi. Sheria ya Marekani inaikataza serikali yao kununua kwa mtindo huo, na wao ni matajiri kuliko sisi.

Wa milioni 495 nisimseme vibaya, wala mwanao hajakosea. Bei moja ni nzuri pale ramani imekamilika, udongo unajulikana, na mwenye nyumba habadilishi mawazo. Ila elewa unanunua nini. Ndani ya 495 ameshaweka hofu yake: kama saruji itapanda, kama mvua za masika zitasimamisha kazi, kama wewe utakuwa mama msumbufu. Hofu hiyo isipotimia, fedha ni yake. Ikitimia kwa kiasi kikubwa, uliza atafanya nini. Mtu ambaye hakuuliza udongo wa bondeni ama hajui anachokifanya, ama anajua kwamba msingi ukizidi kina cha kwenye ramani atakuletea bili ya "kazi ya ziada". Soma mkataba wake hapo kwenye udongo. Nadhani utakuta haumfungi kama unavyofikiri, na 495 yako itakuwa ni bei ya kuanzia tu.

Tuje kwenye kugawana hatari zenyewe. Shemeji anauliza hasara ya mkandarasi inakuhusu nini. Jibu ni kwamba inategemea imesababishwa na nani.

Iliyosababishwa naye ni yake mzima mzima, haiingii kwenye kugawana hata senti. Ukuta uliopinda ukabomolewa ukajengwa upya, saruji iliyonyeshewa kwa sababu stoo haina bati, nondo zilizoibwa usiku, faini ya kutofuata kibali. Kwenye mkataba hizo ziandikwe kwa jina: gharama zisizokubalika. Msipoandika, ukubali kuwa nusu ya wizi wa mlinzi wake utaulipa wewe. Na kuna moja inayofichika. Mashine ya kuchanganyia zege ni yake, mbao za fomu, zile zinazoshika zege hadi likauke, ni zake, pikapu ni yake, na ataukodishia mradi wako. Bei ya kukodi kwa siku iandikwe leo, na siku mashine imekaa bila kazi isihesabiwe. Ofisi yake, simu zake na mhasibu wake viko ndani ya ile ada ya milioni 40, visionekane tena kwenye gharama.

Iliyosababishwa na wewe ni yako. Ukiamua katikati ya kazi kwamba kila chumba kiwe na choo chake, lengo linapanda, kikomo nacho kinapanda, na hilo liandikwe na kusainiwa kabla fundi hajagusa tofali. Kuwa mwangalifu sana hapa, maana hapa ndipo lengo huvimba. Kila "mama, si tuweke na hiki" ni mlango. Ndiyo sababu milioni 30 zilizobaki kati ya 470 na 500 zako usimwambie mtu kwamba zipo.

Zilizobaki, ambazo hakuna kati yenu aliyezisababisha, ndizo za kugawana. Bei za vifaa ni mfano wake. Unakumbuka mwishoni mwa 2020, saruji ilipoadimika na bei ikapanda mikoani. Hakuna mkandarasi aliyesababisha, lakini mkandarasi mwenye mgawo wake kwenye hasara ndiye atakayezunguka maduka matano badala ya moja. Kwa kazi ya mwaka mmoja hivi, mimi ningeliacha suala la bei humo humo kwenye chungu cha pamoja. Miradi mirefu ndiyo yenye kuhitaji kanuni za mabadiliko ya bei, zile zinazotumia takwimu za Baraza la Taifa la Ujenzi. Nondo zinunue mapema zote kama stoo ni salama, saruji usilimbikize, maana ikikaa miezi inapoteza nguvu.

Udongo nao ni wa kugawana, lakini kwa mpaka. Kabla ya kusaini chimbeni mashimo matatu ya majaribio pale pale nguzo zitakaposimama, yapite kina cha msingi wa kwenye ramani, mhandisi aingie aangalie. Ni kazi ya vibarua wachache kwa siku chache, na sijui matumizi mengine ya fedha kidogo namna hiyo yatakayokuokolea zaidi. Udongo mweusi unavimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na jengo juu yake linapasuka kwenye pembe za madirisha. Mashimo yakionyesha upo, gharama yake iingie kwenye lengo sasa hivi, 400 iwe 410 au itakavyokuwa, wala usinung'unike. Kina kikizidi kidogo ya mashimo yalivyoonyesha, tuseme nusu mita, mgawane. Kikizidi zaidi ya hapo, lengo lipangwe upya. Kumbebesha kijana wa saizi yake udongo ambao hata mhandisi hakuuona ni kujitafutia saiti iliyotelekezwa.

Risiti. Hapa ndipo penye kazi, na usimwamini mtu akikuambia ni jambo la kupitia jioni ukinywa chai. Risiti ziwe za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, zenye jina lako au la mradi, basi. Ya kuandikwa kwa mkono ni kwa vitu vile tu mlivyokubaliana, kama mchanga au maji ya boza. Lakini risiti ya kweli inaweza kuwa ya saruji iliyokwenda kujenga kwa mtu mwingine. Kinachomkamata mtu ni daftari la stoo likikaa pamoja na vipimo vya kazi. Zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, linakula mifuko 6 na kitu ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo. Kama jamvi lako ni mita 20 za ujazo, daftari lioneshe mifuko kama 130 imetoka. Likionesha 180, huna haja ya kumwita mtu mwizi. Uliza tu mifuko 50 iko wapi, na usubiri jibu kabla ya malipo ya mwezi huo. Umesahihisha madaftari ya watoto miaka mingi, hili utaliweza kuliko mhasibu. Vipimo vya kazi mwachie mkadiriaji, aje mara moja kwa mwezi, umlipe kutoka kwenye zile milioni 30.

Na hiyo hasara anayosema mtagawana, ataitoa wapi? Hili huwa halisemwi. Kwenye mikataba ya NEC niliyokutajia, mgawo unahesabiwa kazi ikikamilika. Huku nyuma mteja analipa gharama zilivyo, pamoja na ada yake. Kwa kampuni kubwa ya Uingereza hakuna shida, wanaweza kurudisha. Kijana wako akishapokea na kutumia ada yote, gharama zikawa 440, unamdai milioni 20 ambazo hana. Kwa hiyo nusu ya ada, milioni 20 hizo hizo, ibaki kwako mpaka hesabu ya mwisho. Anakatwa kidogo kidogo kila malipo. Hiyo ni mbali na fedha ya zuio ya muda wa matazamio, ile unayobaki nayo mpaka kasoro zirekebishwe, msizichanganye.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko risiti ni ubora. Mtu ukimwambia nusu ya akiba ni yake, kuna njia mbili za kuokoa. Moja ni akili: kutumia fomu zilezile mara nne, kupanga mafundi wa umeme wasigongane na wa lipu, kununua bati moja kwa moja kiwandani. Nyingine iko ndani ya nguzo, ambako huoni. Ramani inasema pete za nondo kila sentimita 20, fundi anaweka kila 30, zege likishamwagwa nani atajua? Theluthi ya pete imebaki kuwa akiba, nusu yake umeipokea wewe. Basi pasimwagwe zege kwenye msingi, nguzo, boriti au sakafu ya juu mpaka mhandisi anayelipwa na wewe amepima kwa futikamba na kusaini. Kila siku ya zege wachukue vipande vya majaribio vya sentimita 15 kwa kila upande, vikavunjwe maabara siku ya 7 na ya 28. Vikishindwa, kubomoa ni juu yake, kwa ile orodha ya gharama zisizokubalika.

Umetaja kufungua chuo. Mkataba wa gharama peke yake hautakusaidia hapo, maana unaweza kumfanya aende polepole atafute bei nafuu. Ongeza motisha ya muda. Jeshi la Marekani mwaka 1908 lilipoagiza ndege kwa ndugu Wright liliandika dola 25,000 kwa mwendo wa maili 40 kwa saa, na asilimia 10 zaidi kwa kila maili kamili itakayozidi. Mwaka uliofuata ndege ikapita 42, wakalipwa 30,000. Napenda mkataba ule kwa kuwa kilichopimwa hakina ubishi. Wewe pia chagua kitu kimoja kisicho na ubishi: tarehe ambayo vyumba vyote 24 vina maji, umeme na kufuli. Akiwahi kwa kila wiki kiasi fulani, akichelewa kwa kila wiki kiasi kilekile kikatwe. Kiasi hicho kikae karibu na kodi ya wiki utakayoikosa, si zaidi.

Mimi ningemchukua kijana, kwa masharti hayo. Kabla ya hapo hakiki kwamba amesajiliwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi na daraja lake linaruhusu kazi ya thamani hii, na mkataba uandikwe vizuri na mwanasheria, wenye kifungu cha usuluhishi mkitofautiana. Lakini kama huna uwezo wa kumlipa mkadiriaji kila mwezi, au afya haikuruhusu kwenda saiti na kushika daftari, basi mwanao ana haki: rudi kwa wa bei moja, mashimo ya udongo yakiwa yamekwishachimbwa, umuoneshe kilichoonekana, na umwambie sasa hofu ya udongo haipo tena, ashushe. Kutoka 495 sitashangaa ikishuka.

Ukikutana na kijana, mpe ombi moja kabla ya mengine yote: aje na mchanganuo wa ile 400, mstari kwa mstari, na mkadiriaji wako awepo. Akisema hiyo ni siri ya biashara, hapo hakuna gharama lengwa wala kugawana, na shemeji atakuwa ameshinda.

Mshauri wako